Anza na Uamuzi, Ndipo Uwashe Kompyuta

Meneja akija kuniambia anataka mfumo mpya wa kompyuta, simuulizi kwanza habari za bajeti wala idadi ya wafanyakazi wake. Namuuliza: ni uamuzi gani unaoufanya mara kwa mara, ambao ukiukosea biashara inaumia? Wengi hunyamaza kidogo. Halafu huanza kunitajia data walizonazo: mauzo ya miaka mitano, orodha ya wateja, kumbukumbu za ghala. Ni vizuri kuwa nazo. Lakini swali bado halijajibiwa, na lisipojibiwa atanunua mfumo utakaomletea ripoti nzuri kila Jumatatu, naye ataisoma, ataifunga, na ataamua vilevile alivyokuwa akiamua zamani.

Nimekaa kati ya mameneja na mifumo yao muda wa kutosha kuliamini jambo hili kwa dhati: kompyuta humsaidia meneja pale uamuzi unapotangulia. Nani anaamua, anaamua lini, ana njia zipi mbele yake, na ni taarifa gani ikibadilika itamfanya abadili msimamo. Hayo yakieleweka, hata programu ndogo inaweza kuokoa mtaji. Yasipoeleweka, seva za chumba kizima hazitamwongezea kitu.

Na si jambo jipya. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara haikutoka benki wala kwenye kiwanda cha silaha. Ilitoka J. Lyons & Co., kampuni ya Uingereza iliyooka mikate na keki na kuendesha migahawa ya chai. Mwaka 1947 maofisa wake wawili walizunguka Marekani kutazama namna ofisi za huko zinavyofanya kazi, wakarudi na wazo kwamba mashine za hesabu walizozisikia kwa wanasayansi zingeweza kubeba makaratasi ya kampuni. Lyons ikachangia fedha kwa Chuo Kikuu cha Cambridge kilichokuwa kikijenga kompyuta ya EDSAC, kisha ikajenga ya kwake, LEO. Mwezi Novemba 1951 LEO ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za idara ya uokaji.

Kinachonivutia zaidi ni kazi waliyoipa LEO mwaka 1954: oda za migahawa. Kila mgahawa ulihitaji kupelekewa vitu vingi kila siku, na vingi kati ya hivyo vinaharibika haraka. Ukipeleka vingi vinatupwa, ukipeleka vichache mteja anaondoka. David Caminer na wenzake waliosanifu mifumo ya LEO waliukaribia uamuzi huo kwa namna ambayo hadi leo sijaona iliyoipita. Kila mgahawa ulipewa oda ya kudumu kwa kila siku ya wiki. Msimamizi wa mgahawa hakuandika oda nzima upya. Alipigiwa simu kutoka makao makuu, akataja mabadiliko tu: kesho niongezee hiki, nipunguzie kile. Karani aliyekuwa na simu sikioni aliyatoboa mabadiliko hayo papo hapo kwenye kadi za matundu zinazosomwa na kompyuta. Kompyuta ilizichukua kadi, ikazichanganya na oda za kudumu, ikatoa jumla ya vitu vya kuoka na orodha za kufungashia mzigo wa kila mgahawa.

Tazama mgawanyo wa kazi ulivyokuwa. Mashine ilibeba yale yasiyobadilika, ambayo ndiyo mengi na yanayochosha. Binadamu aliulizwa kitu kimoja tu, kile ambacho yeye peke yake anakijua: kesho ina tofauti gani na kawaida? Labda kuna sherehe mtaa wa jirani, labda barabara imefungwa. Hakuna kadi iliyojua hayo. Msimamizi aliyajua kwa kuwa yuko pale, na mfumo ulimwachia nafasi ya kuyasema bila kumtwisha hesabu zote.

Mawazo ya kuyaeleza haya kwa mapana yalikuja baadaye kidogo. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza mwaka 1960 kwamba maamuzi ya wasimamizi yako kwenye mstari mrefu. Upande mmoja yapo yanayojirudia kiasi kwamba unaweza kuyaandikia kanuni. Upande wa pili yapo mapya, yenye ukungu, yasiyo na kanuni. Mwaka 1971 Anthony Gorry na Michael Scott Morton wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini: katikati ya pande hizo kuna maamuzi ambayo sehemu yake moja inahesabika na sehemu nyingine inahitaji busara ya mtu. Kwa hayo ya katikati walipendekeza mifumo ya kusaidia maamuzi, yaani mfumo unaofanya hesabu na kumwachia meneja ile sehemu isiyohesabika.

Kazi nyingi za meneja ziko hapo katikati. Ndiyo maana sipendezwi na wauza programu wanaoahidi kwamba mfumo wao "utaamua wenyewe", na pia sipendezwi na meneja anayesema biashara yake haiwezi kuingia kwenye kompyuta kwa sababu anaiendesha kwa hisia. Wote wawili wamekataa kuugawa uamuzi katika sehemu zake.

Nikupeleke ghalani, maana huko mambo haya yanaonekana kwa macho.

Chukua bidhaa moja inayouzwa vipande 40 kwa siku. Ukiagiza leo, mzigo unafika baada ya siku 6. Ndani ya siku hizo utauza vipande 240. Unaongeza akiba ya tahadhari, tuseme 80, kwa kuwa msambazaji huchelewa na wateja hawaji kwa ratiba. Kiwango cha kuagiza kinakuwa 320: hesabu ya ghala ikishuka hadi hapo, mfumo unaandaa oda, meneja anaidhinisha. Uamuzi huu una kanuni iliyo wazi, na kompyuta inaufanya kwa bidhaa elfu kumi bila kuchoka. Hakuna mtu anayeweza kushindana nayo, na hakuna sababu ya kushindana.

Sasa mwezi mmoja mzigo ukachelewa, rafu ikakaa tupu siku 10 kati ya 30. Katika siku 20 zilizobaki uliuza 40 kila siku, jumla 800. Mfumo uliotengenezwa bila uangalifu unagawanya 800 kwa 30, unapata wastani wa vipande kama 27 kwa siku, na unahitimisha kwamba bidhaa imepoa. Unakokotoa upya: mahitaji ya siku 6 ni 160, jumlisha akiba ya 80, kiwango kipya ni 240. Lakini wateja hawakupungua. Bado wanataka 40 kwa siku, na vipande 240 vinaisha siku ileile mzigo unapoingia. Akiba ya tahadhari imeyeyuka, na hakuna aliyeigusa. Msambazaji akichelewa siku moja tu, rafu inakuwa tupu tena, na wastani wa mwezi unaofuata unashuka zaidi. Ukiangalia grafu baada ya nusu mwaka utaona bidhaa inayokufa taratibu, na utapendekeza iondolewe. Bidhaa ilikuwa nzima muda wote. Mfumo ndio uliokuwa ukiinyima nafasi.

Kasoro hapo ni kuchukua mauzo kana kwamba ni mahitaji. Mauzo ni mahitaji yaliyopata bidhaa. Mteja aliyekuta rafu tupu akageuka hakuandikwa popote. Hakuna risiti ya mtu aliyeondoka mikono mitupu. Dawa yake si ngumu: mfumo uweke pia kumbukumbu ya siku ambazo bidhaa ilikuwepo, na ugawanye kwa siku hizo tu. 800 kwa 20 inarudi kuwa 40. Lakini fundi wa programu hawezi kulijua hili kama hakuna aliyemweleza kwamba uamuzi unaotafutwa ni "watu watataka kiasi gani", na siyo "tuliuza kiasi gani".

Kuna jirani yake mbaya zaidi: bidhaa ambayo kompyuta inaamini ipo na kumbe haipo. Imeibiwa, imevunjika, au imewekwa pembe isiyo yake. Mfumo unaona kiasi kilicho juu kuliko kiwango cha kuagiza, hivyo hauagizi, na kwa kuwa hakiuzwi chochote hesabu haishuki kamwe. Bidhaa inabaki imekwama hivyo hadi siku ya kuhesabu mali. Mfumo mzuri huulizwa uangalie jambo hili peke yake: nitajie vitu ambavyo kwa kawaida huuzwa kila siku, lakini vina siku tatu bila mauzo huku kompyuta ikisema vipo. Orodha hiyo huwa fupi, na mtu mmoja anaweza kuipitia ghalani kabla ya mchana. Nikiulizwa ripoti ninayoipenda kuliko zote, ni hiyo, kwa sababu inajua udhaifu wa mfumo wenyewe na inamtuma mtu akatazame kwa macho yake.

Eneo jingine ambalo kompyuta imebadilisha kazi ya meneja kwa kweli ni kujaribu mambo kabla ya kuyatenda. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa Harvard Business School alipomtazama mwalimu akifanya hesabu za biashara ubaoni: namba moja ikibadilika, zote zinazoitegemea zinafutwa na kuandikwa upya. Pamoja na Bob Frankston akatengeneza VisiCalc, lahajedwali iliyotoka mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Kabla yake, kuuliza "je, mauzo yakishuka kwa sehemu ya kumi?" kulimaanisha jioni nzima ya kazi, kwa hiyo watu hawakuuliza. Baada yake swali hilo lilichukua sekunde moja.

Hata hivyo watu wengi hulitumia jedwali kutafuta jibu moja, wakati nguvu yake iko kwenye kutafuta mahali jibu linapogeuka. Tuseme unachagua kati ya kununua mashine na kuikodi. Kununua kunakula fedha nyingi mwanzoni, lakini kila kipande kinatoka kwa gharama ndogo. Usiishie kuuliza ipi nafuu. Liulize jedwali: ni kuanzia vipande vingapi kwa mwaka kununua kunakuwa bora? Likisema 9,000, na makadirio yako yote, ya mwenye matumaini na ya mwenye hofu, yako kati ya 14,000 na 20,000, basi mjadala umekwisha. Nunua na muendelee na mengine. Lakini kama makadirio yako kati ya 7,000 na 12,000, sasa unajua kitu cha kwenda kutafiti: idadi ya oda, wala si riba ya mkopo ambayo kikao kilikuwa kikiibishania saa mbili. Nimeona vikao vikibadilika kabisa kwa hesabu hii moja. Watu wanaacha kutetea namba zao na kuanza kuulizana ni kipi kati ya wanavyovidhani kina uzito.

Jedwali lina hatari yake, na hatari hiyo haichagui mdogo wala mkubwa. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara za kitengo chake cha London. Ripoti ya benki yenyewe, iliyotoka Januari 2013, ilieleza kwamba modeli ya kupima hatari ilikuwa ikiendeshwa kwa majedwali kadhaa yaliyojazwa kwa kunakili na kubandika kwa mkono, na kwamba mahali fulani fomula iligawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake. Hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Sisemi fomula hiyo peke yake ndiyo iliyoleta hasara. Maamuzi ya watu yalikuwepo. Lakini meneja aliyetazama namba ya mwisho aliona kitu kilichomtuliza moyo, na kilichomtuliza hakikuwa kweli.

Katika usafiri wa ndege, uamuzi uligawanywa vizuri mapema sana. Kiti kikiruka kitupu hakiuzwi tena. Ukiviuza vyote mapema kwa bei nafuu, mfanyabiashara anayekuja siku ya mwisho akiwa tayari kulipa bei kamili hapati nafasi. Ken Littlewood wa BOAC, shirika la ndege la Uingereza, aliandika mwaka 1972 kanuni ambayo inaingia kwenye sentensi moja: endelea kuuza kwa bei nafuu maadamu bei hiyo haijawa ndogo kuliko bei kamili ikizidishwa kwa uwezekano wa kumpata mteja wa bei kamili. Kama bei nafuu ni asilimia 40 ya bei kamili, na uwezekano wa kiti hicho kupata mteja wa bei kamili umezidi asilimia 40, kifunge usikiuze nafuu. Kanuni ni nyepesi. Kuitumia kwa maelfu ya safari kila siku, kwa kila daraja la nauli, kunahitaji kompyuta.

American Airlines walikuwa na kompyuta hiyo, kupitia mfumo wao wa uwekaji nafasi wa SABRE. Mwaka 1985 walitangaza nauli za chini kukabiliana na mashirika ya bei rahisi kama People Express, lakini kwa viti vile tu ambavyo mfumo ulikadiria vingebaki vitupu. Viti vingine vilibaki na bei yake. People Express haikuwa na zana za kufanya hivyo, na kufikia mwaka 1987 ilikuwa imemezwa na Continental. Wataalamu wa American waliandika mwaka 1992 kwamba njia hiyo iliwaingizia dola bilioni 1.4 katika miaka mitatu. Sababu za kuanguka kwa People Express ni nyingi, ila somo kwa meneja halijifichi: mshindani wako akijua gharama ya kila kiti anachokitoa kwa bei ya chini nawe hujui, hata bei mkilingana hamchezi mchezo mmoja.

Nirudi kwenye ripoti, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona mateso zaidi. Mwaka 1967 Russell Ackoff, msomi wa usimamizi wa Marekani, aliandika makala iliyowaudhi wengi waliokuwa wakijenga mifumo ya taarifa. Alisema shida kubwa ya mameneja ni wingi wa taarifa zisizowahusu, kuliko uhaba wa zile zinazowahusu. Wakati huo ripoti zilichapishwa kwenye karatasi, kwa hiyo angalau uzito wake ulionekana mezani. Leo dashibodi moja, yaani skrini ya muhtasari, ina vipimo hamsini vyenye rangi, na kuongeza cha hamsini na moja hakugharimu kitu. Ninashauri kila kipimo kiandikiwe mstari mmoja chini yake: kikizidi au kikipungua kiasi hiki, fulani atafanya hivi. Kipimo kinachokosa mstari huo kiondolewe kwenye skrini ya meneja. Kibaki kwenye hifadhidata kwa atakayekihitaji siku nyingine. Mara nyingi hubaki vipimo sita au saba, na hivyo ndivyo vinavyosomwa.

Ackoff alipinga pia dhana nyingine: kwamba meneja hana haja ya kuelewa mfumo unavyofanya kazi, anahitaji tu kujua kuutumia. Alisema meneja wa namna hiyo hawezi kuupima mfumo wake, na hivyo mfumo ndio unaomtawala. Ningependa kila mkurugenzi alisome hilo akiwa na kesi ya Horizon mbele yake.

Horizon ni mfumo wa hesabu uliowekwa katika ofisi za posta za Uingereza kuanzia mwaka 1999. Ulipoonyesha upungufu wa fedha kwenye ofisi ndogo, wakuu wa posta waliamini mfumo na kumshuku msimamizi wa ofisi. Watu walilazimishwa kulipa kutoka mifukoni mwao. Walipolalamika kwamba namba si sahihi, wengine waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Hawakuwa na njia ya kuingia ndani ya kumbukumbu na kufuatilia muamala mmojammoja waone upungufu ulizaliwa wapi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotoka kwenye mfumo huo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu huo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Jambo linalonikera katika historia hii ni ukoo wake. Kampuni iliyotokana na LEO iliunganishwa na nyingine, zikaunganishwa tena, hadi mwaka 1968 ikawa sehemu ya ICL. ICL ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga Horizon, ikiwa tayari chini ya Fujitsu ya Japani. Damu ileile ya kampuni iliyompigia simu msimamizi wa mgahawa kila siku ili aseme anachokijua, baada ya karibu miaka hamsini ikazaa mfumo ambao msimamizi wa ofisi ndogo hakusikilizwa hata alipolia. Teknolojia ilikuwa imepanda mara maelfu. Kilichoshuka ni nafasi ya mtu wa chini kuuambia mfumo kwamba umekosea.

Kwa hiyo kabla meneja hajasaini mkataba wa mfumo wowote, nataka ajibu: ukikosea, nitajuaje? Na asiambiwe kwamba hautakosea. Aonyeshwe mahali ambapo kila namba inaweza kufuatiliwa hadi kwenye muamala wake wa kwanza. Aonyeshwe nani anaweza kubadilisha rekodi, na kama badiliko hilo linaacha alama. Aonyeshwe mtu wa kaunta atafanya nini skrini ikipingana na fedha alizozihesabu kwa mikono yake. Haya yasipokuwepo, punguzo lolote la bei ni ghali.

Mifumo ya kisasa inayojifunza kutoka kwenye data haijafuta swali hilo. Imelifanya gumu zaidi. Zillow, kampuni ya Marekani ya taarifa za nyumba, ilianza kununua nyumba kwa bei iliyosaidiwa na makadirio ya kompyuta, izirekebishe na kuziuza. Novemba 2021 ilitangaza kufunga biashara hiyo, ikaandika hasara ya dola milioni 304 kwa robo moja ya mwaka na kupunguza takriban robo ya wafanyakazi. Fikiria upande wa pili wa meza. Mwenye nyumba anajua dari inavuja na majirani wakoje; kompyuta haijui. Ikimpa bei ndogo kuliko thamani, anakataa. Ikimpa kubwa kuliko thamani, anasaini siku hiyohiyo. Makosa ya pande zote mbili yanaweza kulingana kwenye karatasi, lakini yanayogeuka kuwa mikataba ni ya upande mmoja. Usahihi wa wastani hautoshi kumwambia meneja kama uamuzi wake una faida. Lazima aulize ni nani anayefaidika kila mfumo unapokosea, na kama mtu huyo anaweza kuchagua.

Baada ya kusema yote hayo naomba nisieleweke kwamba busara ya mtu daima inaishinda mashine. Paul Meehl, mwanasaikolojia wa Marekani, alilinganisha mwaka 1954 utabiri wa wataalamu na utabiri wa fomula sahili za takwimu, na mara nyingi fomula zililingana nao au ziliwashinda. Mwaka 2015 mtafiti Berkeley Dietvorst na wenzake walionyesha kwamba watu wakiona kompyuta imekosea mara moja huiacha haraka kuliko wanavyomwacha mtu aliyekosea vilevile, hata kama wameshuhudia ikimshinda. Katika utafiti uliofuata waligundua kwamba watu hukubali kuitumia wakiruhusiwa kubadilisha jibu lake, hata kidogo tu.

Ruhusa hiyo ni nzuri, lakini iwekewe kumbukumbu. Kila meneja anapobadilisha namba iliyopendekezwa na mfumo, iandikwe: mfumo ulisema nini, yeye aliweka nini, kwa sababu gani, na mwisho ilitokea nini. Bila mambo hayo manne hakuna anayeweza kujua kama mkono wake unasaidia au unaharibu. Kila mtu hukumbuka siku aliyoishinda kompyuta.

Watafiti Robert Fildes, Paul Goodwin na wenzao walifanya hesabu ya namna hiyo katika kampuni nne za Uingereza, wakapitia zaidi ya makadirio 60,000 ya mahitaji ya bidhaa, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mabadiliko madogo madogo, yale ambayo meneja hugusa namba ili tu aonekane ameipitia, mara nyingi yaliharibu. Mabadiliko makubwa, ambayo kwa kawaida yanatokana na habari halisi kama mteja mkubwa aliyesitisha oda, yalisaidia zaidi. Na kulikuwa na tofauti kubwa ya mwelekeo: waliposhusha makadirio walikuwa sahihi zaidi kuliko walipoyapandisha. Anayeshusha huwa ameambiwa jambo baya na mtu fulani. Anayepandisha, mara nyingi ana lengo la mauzo ukutani na bosi anayesubiri habari njema.

Hapo kazi ya mfumo inajulikana wazi. Meneja akishusha namba, aandike chanzo cha habari yake na aendelee. Akiibadilisha chini ya asilimia ndogo mliyokubaliana, mfumo umuulize kama kweli kuna sababu, la sivyo ubakize namba ya mfumo. Akiipandisha sana, sababu iandikwe kwa maneno, mtu wa pili aisome, na mwisho wa robo ya mwaka waketi pamoja na orodha nzima wakiwa na mauzo halisi mkononi.